Wastani wa Wengi, Njia ya Mmoja

Wajukuu wangu,

Mmoja wenu yuko Kibabii anasoma fizikia, na ameniuliza kama ni kweli kuna wasomi wanaotumia hesabu za gesi kueleza soko la hisa. Mwingine hana haja na gesi. Yeye hushinda hapo njia panda ya Misikhu, pikipiki kivulini, akingoja abiria wa Naitiri, na kati ya safari moja na nyingine ananunua na kuuza dola kwenye simu. Nawajibu pamoja kwa kuwa swali la yule wa chuoni linamhusu zaidi huyu wa njia panda. Mtanivumilia nikianzia ubaoni. Mwalimu wa fizikia hastaafu, huondolewa tu kwenye orodha ya mshahara.

Ndiyo, wasomi hao wapo. Kazi yao inaitwa ekonofizikia, jina lililotolewa na Mmarekani H. Eugene Stanley katika mkutano wa Kolkata, India, mwaka 1995. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Mwaka 1900 kijana aitwaye Louis Bachelier aliwasilisha tasnifu mjini Paris akieleza jinsi bei za hati za serikali zinavyoyumba sokoni, juu na chini, bila mtu kuweza kuotea hatua inayofuata. Miaka mitano baadaye Einstein alitumia hesabu za ukoo huohuo kueleza kwa nini chembe ndogo zikiwa majini hutetemeka zikipigwa huku na huku. Kwa hiyo hesabu ya bei ilitangulia hesabu ya vumbi. Rudini nyuma zaidi mtaona ajabu kubwa zaidi. Adolphe Quetelet, Mbelgiji, alikusanya takwimu za binadamu, vipimo vya vifua vya askari, ndoa, makosa ya jinai, akaona kwamba umati una utaratibu hata kama mtu mmoja hana. James Clerk Maxwell alisoma makala iliyoeleza kazi hiyo, na karibu na mwaka 1860 akaandika kanuni ya kasi za molekuli za gesi yenye umbo lilelile. Anayelalamika kwamba wanafizikia wamevamia shamba la watu asahihishwe: wanarudisha jembe waliloazima.

Ubaoni nilikuwa nikisema hivi. Molekuli moja huwezi kuifuata, lakini ukiwa nazo nyingi kupita kiasi, ujinga wako juu ya kila moja hauna madhara, kwa maana jumla yao inatii sheria. Mgandamizo ndani ya tairi la pikipiki ni wastani wa mapigo yasiyohesabika, nao, joto lisipobadilika, hautofautiani kati ya saa tatu na saa nne. Sokoni vilevile hujui mama yule atafungua gunia lake la mahindi leo au Alhamisi, lakini unaweza kusema jambo la maana kuhusu bei ya gorogoro katika msimu mzima.

Hapo kwenye wastani ndipo penye hatari.

Wanafizikia wana sifa wanayoiita egodisiti. Boltzmann wa Austria aliifikiria katika karne ya 19. Maana yake ni kwamba ukifuata molekuli moja kwa muda mrefu sana, itapitia hali zote ambazo umati unazo kwa wakati mmoja, hivyo wastani wa maisha yake utalingana na wastani wa umati. Ukiwa na sifa hiyo, unaweza kuangalia wengi ukajua yatakayompata mmoja. Gesi tulivu ndani ya chupa tunaihesabu hivyo na hesabu inatoka sawa. Fedha ya mtu haina sifa hiyo. Ole Peters, mwanafizikia aliyeko London, amelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 2016 aliliandika pamoja na Murray Gell-Mann, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1969. Mfano wao naupenda kwa sababu mtoto wa darasa la saba anaweza kuukagua.

Una shilingi 1,000. Rusha sarafu. Ikiangukia upande wa picha, fedha yako inaongezeka kwa asilimia 50. Ikiangukia upande wa nambari, fedha inapungua kwa asilimia 40. Je, ni mchezo mzuri? Jumlisha 1,500 na 600, gawanya kwa mbili: 1,050. Mwenye mchezo anaweza kubandika tangazo kwenye kila mlingoti kutoka Lugulu hadi Kamukuywa, faida ya asilimia 5 kwa kila mrusho, na hakuna hakimu atakayemtia hatiani kwa uongo.

Sasa rusha mara mbili. Njia ni nne na uwezekano wake ni sawa. Picha mara mbili, una 2,250. Picha kisha nambari, 900. Nambari kisha picha, 900. Nambari mara mbili, 360. Wastani wa hizo nne ni 1,102 na nusu, umepanda kama tangazo lilivyosema. Lakini wahesabu watu: watatu kati ya wanne wamerudi nyumbani na hasara. Endeleeni hadi mara 100. Wastani wa wachezaji wengi mno unapita 131,000. Mchezaji wa katikati, aliyepata picha 50 na nambari 50 kama haki inavyotaka, amebaki na shilingi tano na senti kumi na tano.

Fedha nyingine imekwenda kwa wachache mno waliobahatika mfululizo, nao ndio wanaoinua wastani. Ndio hao pia mnaowaona kwenye simu zenu wakiwa wameegemea magari. Tangazo halikudanganya, ila lilizungumzia umati, nawe huwezi kuwa umati. Una njia moja tu, na mirusho yako inafuatana, kila mmoja ukianzia pale uliokutangulia ulipokuacha. Asilimia 40 ikishaondoka, ile 50 inayokuja inazidisha kilichobaki, si ulichokuwa nacho.

Mwaka 2008 tuliona jambo hili nchi nzima, ingawa wachache walilitambua. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Walioomba walipita laki nane, wengi wao hawajawahi kununua hisa, na benki zilikuwa tayari kukopesha. Tarehe 9 Juni hisa zilipoingia Soko la Hisa la Nairobi bei ilipita 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5, ikaendelea kuteremka. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita 40, na mwaka 2023 ikawa imerudi chini ya 15. Aliyenunua kwa mkopo alilazimika kuuza katika lile bonde la kwanza, kwa sababu benki haingoji mwaka 2021. Aliyenunua kwa akiba asiyoihitaji aliweza kukaa kimya na kupokea gawio. Hisa ilikuwa moja na bei ilikuwa moja. Walitofautiana tu kwa kuwa mmoja angeweza kutolewa mchezoni na mwingine hakuweza, na anayetolewa hana sehemu katika wastani wa wanaobaki.

Kwa hiyo, wewe wa njia panda, sikuulizi umeshinda mara ngapi wiki hii. Nauliza unakopeshwa mara ngapi ya mtaji wako. Kama ni mara mia, basi bei ikisogea asilimia 1 dhidi yako, mtaji wote umekwisha, hata kama jioni bei itarudi ulikotabiri. Unaweza kuwa sahihi na ukafilisika siku hiyohiyo. Wala usidhani elimu inamwokoa mtu. Mwaka 1998 kampuni moja ya Marekani iitwayo Long-Term Capital Management, ambayo miongoni mwa wakuu wake walikuwamo wawili waliotunukiwa Nobel ya uchumi mwaka uliotangulia, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache. Walikuwa na mikopo mikubwa mno juu ya mtaji wao, na hesabu zao hazikuipa siku mbaya uzito unaostahili.

Siku mbaya ina hesabu yake. Bachelier alidhani hatua za bei zinafuata ule mchoro wa kengele mliochora shuleni, ambamo jambo likienda mbali na wastani linakuwa adimu upesi mno. Mwaka 1963 Benoît Mandelbrot alipima bei za pamba akaona si hivyo: miruko mikubwa ilitokea mara nyingi kupita kengele inavyoruhusu. Mwaka 1995 Rosario Mantegna na Stanley walipima faharisi ya soko la Marekani kwa data nyingi zaidi, nao wakauona mkia huohuo mnene. Tarehe 19 Oktoba 1987 soko la New York lilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, tukio ambalo kwa kengele halingetarajiwa hata ungengoja umri wote wa ulimwengu. Na tusiseme ni mambo ya ng'ambo. Tarehe 13 Machi 2020, habari za mgonjwa wa kwanza wa korona nchini zilipotoka, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara baada ya faharisi ya kampuni 20 kuanguka kwa zaidi ya asilimia 5. Wakulima wa Tongaren na Trans Nzoia wanaujua mkia huo bila kuuchora. Bodi ya nafaka ilinunua gunia la mahindi kwa 3,200, na msimu wa 2018 serikali ikatangaza 2,300, kisha 2,500 baada ya kelele, wakati mbolea ilikuwa imeshanunuliwa, imeshamwagwa, na mahindi yameshavunwa.

Basi mtu afanye nini? Kukaa bila kurusha sarafu yoyote si jibu, kwani hata kupanda mahindi ni kurusha sarafu. Yako majibu mawili yenye hesabu nyuma yake.

La kwanza ni kuweka kidogo. Mwaka 1956 John Kelly, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alionyesha jinsi ya kukokotoa sehemu ya mali inayofaa kuwekwa. Katika mchezo wetu jibu ni robo. Weka robo ya ulichonacho kila mara, robo tatu zikae pembeni, na mchezo uleule uliokuwa ukikuangamiza unaanza kukukuza, polepole, kama asilimia 0.6 kwa mrusho. Haivutii macho, hakuna atakayekupiga picha. Na angalieni, kanuni hiyohiyo ikipewa mchezo ambao wastani wake wenyewe ni hasara, kama kamari za kwenye simu zinazomlipa mwenye nyumba kabla ya kukulipa wewe, jibu linatoka sifuri. Hakuna kiasi kidogo cha busara hapo. Nimewasikia vijana wakisema wanacheza kwa nidhamu; nidhamu inapunguza tu kasi ya kuteremka.

Jibu la pili ndilo lililonifurahisha nilipolisoma uzeeni. Chukueni watu watatu, kila mmoja na sarafu yake. Baada ya kila mrusho wanamwaga fedha zote mezani, wanagawana sawasawa, kisha wanarusha tena. Sarafu hazikubadilishwa na sheria ni zilezile. Mtu akiwa peke yake hupoteza, kwa kawaida, kama asilimia 5 kila mrusho. Wakiwa wawili hasara inakaribia kwisha, haifiki hata robo ya asilimia. Wakiwa watatu wanapata faida ya asilimia moja na nusu hivi. Wakifika kumi ni karibu asilimia 4, nao wanaukaribia ule wastani uliokuwa kwenye tangazo. Kugawana kumewapa kile ambacho hesabu ya umati iliwaahidi na hesabu ya mtu mmoja ikawanyima. Mnaweza kuhakiki kwa kalamu. Mimi nilihakiki mara mbili kwa sababu sikuamini.

Mtaniambia, Kuka, hicho si chama tu? Ni chama, lakini si kila chama. Kile cha mzunguko, ambacho kila mwezi mnampa mmoja wenu fungu, kinasaidia mtu kununua ng'ombe au mabati kwa mkupuo, na ni kizuri, lakini hakigawani hasara. Aliyeanguka bado anadaiwa mchango wake wa mwezi. Kilicho karibu zaidi na meza ya wale watatu ni mchango wa matanga, harambee ya hospitali, mfuko wa dharura ambao mtu anachotewa kwa kuwa amepatwa, si kwa kuwa zamu yake imefika. Vijana wengi huichukulia michango hiyo kuwa mzigo wa kijiji, na kweli nyingine ni mzigo, hasa yenye kamati ndefu na daftari fupi. Lakini kabla hujatoka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, fanya ile hesabu ya watu watatu.

Kuna sharti moja, na nimelitaja mara moja kwa makusudi: kila mmoja na sarafu yake. Wote wakirusha sarafu moja, wakifungamana katika picha ileile na nambari ileile, kugawana hakusaidii hata senti. Kumi walioanguka pamoja wana cha kugawana kipi? Webuye iliishi kwa kiwanda cha karatasi, na kiwanda kiliposimama mwaka 2009 hakikusimama kwa mfanyakazi mmoja. Mwenye duka, mwenye nyumba za kupanga, mama wa chapati langoni, fundi wa baiskeli, wote sarafu zao zilikuwa zimefungwa kwenye sarafu ile. Mkulima wa miwa anayetegemea kiwanda cha sukari cha Nzoia pekee anajua ninachosema, na jirani yake anayetegemea Nzoia pekee hawezi kumkopesha.

Wakati mwingine sarafu hufungwa na kiwanda. Mara nyingi zaidi tunazifunga wenyewe kwa kutazamana.

Mnakumbuka kware. Mwaka 2013 na mwanzo wa 2014 nchi iliingiwa na wazimu wa ndege huyo. Huku magharibi tulimjua tangu utotoni, tulimtega kwa vitundu vilivyotundikwa juu ya mti mrefu na kumla bila kumtangaza. Ghafla yai lake likawa dawa ya presha, ya sukari, ya kila kitu. Watu walipanga foleni kwa Shirika la Wanyamapori kutafuta leseni, maana ni ndege wa porini. Yai dogo, kama moja ya tano ya la kuku kwa uzito, lilifika shilingi 100 mahali pengine. Nani alikuwa akinunua? Hospitali hazikununua, hoteli zilinunua machache. Wanunuzi wakubwa walikuwa watu waliotaka kuangua vifaranga ili nao wauze mayai kwa watu watakaotaka kuangua vifaranga. Siku waliobaki kuingia walipokwisha, wanunuzi walikwisha. Ndani ya mwaka 2014 bei ikaanguka hadi shilingi chache, wengine wakachinja, wengine wakafungua vitundu ndege wakaenda zao.

Hapa fizikia ina la kusema. Mwaka 1925 Mjerumani Ernst Ising alichapisha kielelezo cha sumaku: kila atomu ni mshale mdogo unaoweza kuelekea juu au chini, na kila mshale huvutwa kidogo kuwaiga majirani zake. Joto likiwa kali, kila mmoja huelekea kwake na jumla yao ni sifuri. Katika chuma halisi, joto likishuka chini ya nyuzi 770 hivi, mishale inakubaliana, na chuma kinaweza kuwa sumaku, bila atomu yoyote kutoa amri. Ukikaribia kiwango hicho, kitu kidogo mno kinaweza kugeuza eneo kubwa. Waliokipeleka kielelezo hiki sokoni waliweka mnunuzi na muuzaji mahali pa mshale, na uvumi mahali pa ule mvuto wa jirani. Wanafizikia wanaheshimu hali hiyo kiasi kwamba Giorgio Parisi wa Italia alipata sehemu ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kuchunguza mifumo yenye mishale inayovutana kwa namna zinazopingana, jambo lililo karibu zaidi na familia yoyote ninayoijua.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilitazama jambo hilo kwa vizingiti mwaka 1978. Wazia watu 100 uwanjani. Mmoja ataanza vurugu hata akiwa peke yake, wa pili ataingia akimwona mmoja, wa tatu akiwaona wawili, hivyo hadi wa mia. Uwanja wote unalipuka. Sasa mtoe yule wa pili tu, weka mahali pake mwingine anayehitaji kuwaona wawili. Wa kwanza anarusha jiwe lake, hakuna anayefuata, na gazeti la kesho linaandika kuhusu kichaa mmoja. Umati ni karibu uleule, matokeo ni mbingu na ardhi. Nikiwasikia wachambuzi wakieleza kwa uhakika kwa nini Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha kwa wingi ule, na kwa nini miaka mingine ya kodi nzito hawakuingia, nakumbuka yule wa pili. Simu ilikuwa imempa kila mtu dirisha la kuwaona wengine wangapi wameshatoka.

Dirisha hilohilo ndilo linalofunga sarafu zenu. Ukinunua kwa kuwa umehesabu, sarafu ni yako. Ukinunua kwa kuwa kundi la Telegram limesema saa hii ndiyo saa, umekabidhi sarafu yako kwa mwingine, na pamoja nawe elfu kadhaa wamefanya vilevile dakika hiyohiyo, kwa hiyo mtajaribu kutoka mlangoni pamoja pia. Swali ninalowapa ni fupi: mwisho wa mnyororo, nani anakula? Mahindi yanaliwa. Boda inambeba mtu anayetaka kufika Kimilili. Kware wa mwaka 2014 hakuwa na mlaji, na ile miradi ya upatu kama DECI, ambayo kwa jumla yake iliwapotezea Wakenya zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa mujibu wa jopo lililoichunguza, haikuwa hata na ndege.

Wewe wa Kibabii nakuongezea onyo lako mwenyewe, usije ukaulewa utamu wa hesabu. Molekuli hazisomi magazeti. Ukitangaza kanuni ya gesi, gesi haibadilishi mwendo ili kukukwepa. Ukitangaza kanuni ya bei, kesho asubuhi wapo wanaoitumia, na kwa kuitumia wanaiharibu. Ndiyo maana fizikia hii ina nguvu ya kukuonyesha umbo la hatari, unene wa mkia, mahali sarafu zilipofungamana, na haina nguvu ya kukuambia bei ya Jumatatu. Atakayekuuzia bei ya Jumatatu akidai ni fizikia, mwombe akuonyeshe ametolewa mchezoni mara ngapi.

Kazi nawapa hii. Wewe wa chuoni, andika programu ya ule mchezo, watu mmoja, watatu, kumi. Kisha zifunge sarafu kidogo kidogo uone faida ya kugawana inakufa katika kiwango gani. Ukimaliza, anza kuandika bei ya gorogoro kila siku ya soko, hapa Misikhu, Kamukuywa na Kimilili, uone kama masoko yanaanguka siku moja au yanapishana. Wewe wa njia panda, chama chenu cha boda kinakutana Jumapili. Kabla ya kuzungumzia mkopo wa pikipiki mpya, mwulize kila mmoja wa wanachama kipato chake kingine kinatoka wapi: mahindi, miwa, maziwa, duka, mshahara wa mke. Kiandike pembeni ya jina lake. Mkikuta zaidi ya nusu ni mahindi, tafuteni wanachama wengine watano kabla ya kununua chochote, na mmoja wao awe anayefuga.